Madamu wa Nasari na Vikombe Vyangu vya Rangi Mbili

Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Mvua imepiga Koboko tangu alfajiri mpaka saa tatu, mvua ya nguvu, halafu ikakatika ghafla, jua likatoka kali na barabara ya kwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, ikaanza kufuka mvuke.

Moyo bado unanidunda! Madamu amekuja. Leo, hapa kwangu, kwa magoti yake yale mabovu, amekaa kwenye benchi la kibanda changu na kunywa chai yangu. Naandika mbio kwa sababu nikingoja kesho nitaanza kupamba. Nimesoma mpaka P6 tu, darasa la sita, na mwandiko wangu unajulikana, lakini nataka kumwandika vizuri na kwa haki, yaani mazuri yake pamoja na yale yaliyonikasirisha. Palipo na kosa, kosa ni langu, si lake.

Jina lake sitaliandika. Kusema kweli sidhani kama niliwahi kumwita kwa jina. Wazazi walimwita Madamu, watoto wa nasari, yaani chekechea yetu, walimwita Madamu, na muuza sukari mbele ya soko alianza kupaza sauti "Madamu! Madamu!" akimwona bado yuko mbali, kwa sababu alikuwa anaweka vijiko vitano vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai. Vitano! Nimevihesabu kwa macho yangu, na leo pia nimevihesabu.

Kabila lake je? Hapo ndipo watu walipochoka. Ukimwamkia kwa Kilugbara, anakujibu Kilugbara kibovu. Ukija na Kikakwa, anajibu Kikakwa kibovu zaidi. Mimi mwenyewe, mtu wa Ajia kwa Walugbara niliyeolewa Lurujo kwa Wakakwa, nilijaribu kumnasa kwa lugha zote mbili na sikufaulu. Akina mama tulikuwa tunabishana tukisubiri watoto.

"Huyu ni Mnubi. Angalia vile anafunga kitambaa."

"Wapi! Huyu iko Aringa, mimi nasikia kwa kicheko yake."

"Muulizeni basi!"

Tukamuuliza. Akasema, "Mimi ni wa Darasa la Watoto Wadogo. Kabila yetu inalala saa sita mchana na ikiamka inataka uji."

Tulicheka, lakini sikuridhika. Nilifikiri anatudharau. Baadaye nikafikiri labda ana jambo la kuficha. Sasa sijui. Labda alichoka tu kuulizwa.

Nasari ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko. Kwenye pembe moja alikuwa ametengeneza Kona ya Nyumba. Hapo palikuwa na viti vitatu vidogo, sufuria iliyokatika mkono, vikombe vya plastiki vya rangi rangi, mwanasesere wa matambara, na mkoba wa zamani wa kike. Watoto wakishamaliza uji aliwaachia ile kona wacheze wanavyotaka, mama na baba, soko, mazishi, hata kanisa. Yeye alikaa pembeni na ungo mapajani akibambua karanga. Ungeona ungesema mama huyu analipwa bure. Mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ile! Vidole vilikuwa vinakwenda ta, ta, ta, maganda yanaanguka, macho yako chini. Halafu vidole vinasimama. Vikisimama tu, ujue amesikia kitu au ameona kitu. Hakugomba wala hakuingilia. Alisubiri kidogo, halafu ta, ta, ta tena. Jioni yake, baba fulani au mama fulani anaitwa.

"Nyumba zenu zote nimeingia," alituambia siku moja, "na sijatembelea hata moja. Watoto wenu wananipeleka kila asubuhi."

Alikuwa na hesabu yake kuhusu watoto, na nimeikariri kwa sababu niliisikia mara nyingi. Wa miaka mitatu anauliza: mbona huyu anaongea vile, mbona huyu ana alama kwenye paji la uso? Wa miaka minne haulizi tena, anaiga. Wa mitano anaanza kusema "sisi". Wa sita ameshajua kipi kisemwe mbele ya wageni, anakificha. "Mimi nawataka kabla hawajaanza kuficha," alisema. "Akishaficha, atakua nacho ndani, na hakuna mtu atakiona mpaka siku kitatoka na panga."

Neno la panga lilinishtua. Lakini watu wa huku hatuhitaji kuelezwa sana. Kila mmoja ana shangazi aliyekimbilia Congo au mjomba aliyekimbilia Sudan, na baadaye wa huko wakaja kukimbilia kwetu.

Jambo jingine, hakukubali neno "wale". Alikuja baba mmoja, amevaa koti la heshima, amekasirika kwa sababu mtoto wake amekalishwa meza moja na watoto waliotoka ng'ambo, upande wa Kaya, Sudan Kusini. Nilikuwa mlangoni, nilisikia yote.

"Madamu, sitaki mtoto yangu ajifunze tabia ya wale."

"Wale nani?"

"Wale. Wewe unajua."

"Mzee wangu, mimi sijui. Wale hawako kwa daftari yangu." Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Hapa kuna Poni. Kuna Wani. Kuna Ayikoru. Kuna Furaha. Niambie ni tabia ya nani, nitamwita mama yake sasa hivi."

Yule baba alisimama pale akitafuta jina. Hakuwa na hata moja. Akamchukua mtoto akaondoka naye, na mtoto hakurudi. Nataka niwe wa haki kwa yule baba pia. Nilisikia baadaye kwamba vita vilimnyang'anya ndugu yake, zamani, upande ule. Sikumuuliza, si jambo la kuuliza mtu barabarani. Na Madamu siku hiyo hakuwa na ushindi wowote usoni. Alikaa na ungo wake bila kubambua, akasema, "Nimempoteza mtoto kwa sababu ya mdomo wangu. Ningempa kiti kwanza yule mzee. Hata kiti sikumpa."

Sasa nije kwenye mabaya yake, nisije nikaandika malaika. Alikuwa mkali. Mara moja nilimwona anavuta mtoto sikio, na sikupenda. Alipendelea watoto wanaoimba, na Ayikoru wangu anaimba, kwa hiyo nilinyamaza juu ya upendeleo huo kwa sababu ulinifaa. Aliogopa bata mzinga kiasi cha kuzunguka mtaa mzima. Halafu alikuwa na kikombe chake, cha bati jeupe, kimebanduka rangi ukingoni, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Nikifika kwenye kisa changu mtaona kile kikombe nilikitumia kama jiwe.

Lakini kwanza mkoba. Hiki kisa alitueleza mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi, kama mtu anayetubu.

Alikuwa amewapeleka watoto Oraba kuona malori. Mpakani pale mnajua kulivyo: malori yamepanga mstari, wabadilisha pesa wanaita, vijana wa makaratasi ya forodha wanakimbia huku na huku. Watoto walifurahi mno. Kesho yake, kwenye Kona ya Nyumba, Poni wa miaka mitano akachukua ule mkoba wa zamani akautundika begani, akawa anatembea kwa madaha. Wani, mmoja wa waliotoka ng'ambo, akapita karibu naye. Poni akaubana mkoba kwapani, akaangalia mbele, akaongeza mwendo.

Vidole vya Madamu vikasimama.

"Poni, mbona umebana mkoba?"

"Mimi niko natembea Oraba."

"Oraba wanatembea hivyo? Nani anatembea hivyo?"

"Wewe, Madamu."

Ukumbi wote wa wazazi ulipasuka kwa kicheko, na yeye alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mimi nilikuwa naimba nao nyimbo za sisi sote ni ndugu. Mdomo unaimba, kwapa linabana. Watoto waliangalia kwapa." Jumamosi iliyofuata akaenda Oraba makusudi, mkoba wazi, akazunguka soko lote. Akarudi amepotelewa na leso.

"Umeona sasa!" tukamtania. "Umeibiwa!"

"Leso imepotea, ndiyo. Lakini aliyeichukua simjui, na Wani namjua." Mimi naongeza kwamba labda ilidondoka. Upepo wa Oraba una nguvu.

Nilicheka sana siku ile. Nilimcheka Madamu na kwapa lake, na nikarudi kibandani kwangu nikiwa mweupe kabisa moyoni. Sikujua kwamba zamu yangu iko njiani.

Kibanda changu kiko kando ya barabara ya Oraba, na chai yangu inanywewa na watu wa mji na watu wa safari. Ule ugonjwa uliofunga shule na mpaka ulipoingia, niliogopa kama kila mtu. Madereva walikuwa bado wanapita na mizigo. Nikanunua vikombe vyekundu sita, nikasema hivi ni vya waliovuka mpaka, na vya bluu ni vya watu wa hapa. Kila rangi na beseni yake ya kuoshea. Hakuna aliyeniamuru. Nilikuwa na mtoto mdogo nyumbani, na mpaka leo sioni kwamba nilikosea wakati ule.

Lakini ugonjwa uliisha. Mpaka ulifunguliwa, shule zikafunguliwa, barakoa tukazitupa. Vikombe vikabaki. Sikukaa chini nikaamua vibaki, na hapo ndipo penye ubaya wake. Mkono ulikuwa umeshazoea tu. Dereva wa Kaya akikaa, mkono unakwenda kwenye chekundu. Mfanyabiashara wa Congo akikaa, chekundu, hata kama amepanga nyumba Koboko miaka yote na hajavuka mpaka mwezi mzima.

Jirani yangu Mama Furaha ni mtu wa Congo, anauza vitenge na mafuta ya mawese. Furaha wake na Ayikoru wangu walikuwa na miaka minne, wanakwenda nasari wameshikana mikono, wanarudi wameshikana mikono, wakigombana ni kwa sababu ya nani atashika mkono wa kulia. Asubuhi moja Furaha hakupita. Kesho yake pia hakupita. Siku ya tatu akaja mama yake kibandani, hajafunga kitambaa vizuri.

"Mama Ayikoru, mutoto yangu analia tangu juzi. Anasema haende tena ku masomo."

"Kwa nini, mama? Anaumwa?"

"Haumwi. Ayikoru alikuwa anachezesha chai. Batoto bote anabapatia kikombe muzuri. Furaha anamuambia, wewe hapana, yako ni ile nyekundu, ya batu ya ng'ambo."

Mimi nikawaka. "Sasa mama, mimi ndiye nilimfundisha? Watoto wanaokota maneno huko shuleni! Nenda uulize Madamu!"

Nilisema hivyo huku nimeshika kikombe chekundu mkononi, nakifuta. Mama Furaha akakiangalia. Hakuniangalia mimi, aliangalia kikombe tu. Halafu akaenda zake. Baada ya kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba yeye mwenyewe anakunywa chai kwangu karibu kila siku, na sikumbuki kumpa cha bluu hata mara moja.

Jumatano nikaitwa. Madamu alikuwa na desturi: mzazi aliyeitwa anakaa kwenye kiti kidogo cha Kona ya Nyumba, anakuwa mgeni. Watoto wanamkaribisha wanavyojua wao. Sharti ni moja, mgeni hasemi. Nikakaa, magoti yako karibu na kidevu, najisikia kichekesho.

Ayikoru akatupa kitambaa begani. Mungu wangu, kile kitambaa! Alikitupa vile ninavyokitupa mimi, kwa nyuma ya mkono. Akaanza, "Karibu mama! Karibu mzee! Chai moto!" Sauti ni yangu, nimeiacha nyumbani nikaikuta pale. Nilijaa furaha, nikaona mtoto wangu ana akili jamani. Akanipa kikombe cha bluu kwa mikono miwili.

Halafu Wani akaja, anaendesha lori la mdomo, mmm mmm, akafunga breki. "Mimi dereva ya Kaya."

Ayikoru hakusema kitu. Akageuka, akachukua chekundu, akakishika sikio kwa vidole viwili tu, kimetengwa na mwili wake, akakiweka mezani, tok. Halafu akapangusa vile vidole viwili kwenye kitambaa.

Vidole viwili. Sikujua kwamba nashika hivyo! Nilifungua mdomo nimgombeze, na Madamu bila kuinua macho akasema, "Mgeni hasemi."

Wani mwenyewe alikunywa chai yake ya hewa akaondoka na lori. Kwake ilikuwa kawaida. Hicho ndicho kilichonichoma, kwamba aliona ni kawaida.

Nje, nilijitetea. "Madamu, ilikuwa ni ugonjwa. Wewe pia uliogopa."

"Niliogopa. Ugonjwa uliisha lini?"

Ndipo nikarusha lile jiwe langu. "Na kikombe chako je? Kile cha bati? Mbona hakuna mtu anakigusa?"

"Hicho hata mkubwa wa wilaya hagusi," akasema. "Hata askofu. Nawanyima wote sawasawa. Siku utakaponiona nampa mmoja na kumnyima mwingine, uje na kamba unifunge."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishika kiwiko. "Mama Ayikoru, mimi sikuiti mtu mbaya. Nakuita mtu anayeangaliwa. Mtoto ana miaka minne, bado ananionyesha. Miaka miwili ijayo ataficha, na mimi sitakuwa na dawa."

"Na Furaha atarudi?"

"Hilo siwezi kukuahidi. Furaha pia anajifunza. Saa hii yuko kwao anajifunza kwamba yeye ni wa kikombe chekundu. Kila siku anayokaa nyumbani ni somo moja zaidi."

Nilirudi karibu nakimbia. Nikachanganya vikombe vyote kwenye beseni moja, bluu na nyekundu, mbele ya wateja. Muuza mbao, mteja wangu wa kila siku, akauliza, "Leo unatuchanganya?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaweka kikombe chini, akaenda kunywa kwingine zaidi ya miezi miwili. Nitamtendea haki: alirudi mwenyewe, akanywa chekundu.

Nikachukua chekundu kimoja na birika, nikaenda mpaka mlangoni kwa Mama Furaha. Sikuwa nimeandaa maneno, mimi si mtu wa maneno. Nikamimina, nikanywa mimi kwanza kwa kikombe kile, nikamimina tena nikampa.

Akakipokea. Akasema, "Unafikiri nilikuwa siyui? Minakunywa ku ile kikombe miaka mbili. Chai yako iko muzuri, njo maana." Akanywa. "Lakini mutoto hapana. Mutoto usimupatie."

Machozi yalinitoka pale pale mlangoni, na mafuta ya mawese yananuka, na kuku wake wananipita miguuni. Furaha alirudi nasari siku ya tisa. Ayikoru alimwachia kiti chake, lakini Furaha alikaa kwingine kwa muda, karibu wiki. Sitaandika kwamba walisahau. Sijui watoto wanasahau nini.

Madamu aliondoka Koboko miaka mitatu iliyopita. Magoti yalikataa, akahamia Arua. Tulikuwa tunatumiana salamu na makondakta wa basi tu, na salamu za kondakta hufika nusu.

Na leo amekuja! Nilikuwa nafuta benchi lililolowa, nikasikia sauti, "Hapa bado kuna sukari, au imeisha Uganda yote?" Nikapiga kelele mpaka muuza mbao akainuka. Ayikoru na Furaha, sasa wako P2, miguu mirefu kama korongo, karibu wamwangushe. Bado wanagombana hao, leo ni juu ya kamba ya kuruka. Madamu akawaangalia kwa zamu. "Nani anashika mkono wa kulia siku hizi?" Wakaona haya, wakakimbilia nyuma ya nyumba wakicheka.

Nikampa ungo na karanga, maana mikono yake haijui kukaa bure. Ta, ta, ta. Tukaongea. Mtoto wangu wa mwisho, Letaru, ana miaka minne. Hamjui Madamu. Alikuwa chini ya meza anacheza na vigunzi vitatu vya mahindi na vifuniko vya soda.

Mara nikasikia, "Karibu, Mama Furaha! Chai moto!" Akaweka kifuniko mbele ya kigunzi cha kwanza. Roho yangu ikaruka. Nikaacha kumimina. Vifuniko vyote ni vya aina moja, vyekundu vyote, havina tofauti! Nilitaka kumwambia Madamu, angalia, angalia mwenyewe, nimefaulu!

"Karibu, baba wa mbao!" Kifuniko cha pili.

Kigunzi cha tatu Letaru alikiendesha kutoka mbali, mmm mmm, mpaka mezani. Akachukua kifuniko, kile kile sawa na vingine. Akakiweka. Tok. Bila neno.

Vidole vya Madamu vikasimama.

Nikajua. Nikajua kabla hajaniangalia. Nikasema haraka, "Madereva wana haraka, Madamu. Hawataki maneno mengi."

"Na watu wa bodaboda?"

Watu wa bodaboda wana haraka kuliko madereva wote, na wao nawakaribisha mpaka naulizia wake zao. Miaka yote hii nilikuwa nimebadilisha kikombe, na neno la kukaribisha lilikuwa limebaki na rangi yake. Nilihisi aibu, lakini zaidi ya aibu nilihisi kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta chini ya kitanda. Kumbe kipo hapa! Kinashikika! Na mtoto bado ana miaka minne, bado ananionyesha!

"Usimwambie kitu Letaru," Madamu akasema. "Yeye hajakosea."

Saa kumi hivi lori likasimama, namba za ng'ambo, matope mpaka kwenye vioo. Akashuka dereva mrefu, alama zimepita kwenye paji lake la uso. Nimeshamwona mara nyingi, anakunywa, anaondoka. Nilifuta mikono. Letaru alikuwa ametoa kichwa chini ya meza, ananiangalia mdomo.

"Karibu, mzee. Habari ya barabara?"

Dereva akageuka nyuma kuona naongea na nani.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akanigeukia. "Mimi?"

"Wewe, mzee. Kaa. Chai iko moto."

Akakaa taratibu, akavua kofia, akaiweka magotini. Akasema mvua imeharibu njia kabla ya Kaya, wamelala hapo na lori. Alisema mengi kumbe ana maneno. Nyuma yangu karanga zikaanza tena, ta, ta, ta.

Madamu analala kwetu leo. Jioni tumekula enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, na sombe ya majani ya muhogo ambayo Mama Furaha ameileta kwenye sufuria yake akakaa nayo, na samaki wakavu wa Baba Ayikoru kutoka soko la Lurujo. Letaru amepanga vigunzi vyake vitatu kando ya sahani, na kila kimoja amekimegea tonge.